Misa ya Asubuhi, Saini ya Mchana

Mwaka 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo ilimruhusu mwanamume kuoa zaidi ya mke mmoja, ikaipa mahakama uwezo wa kutoa talaka, na ikazikusanya chini ya paa moja ndoa za kanisani, za msikitini, za kimila na za bomani. Ili muswada uwe sheria ulihitaji saini ya Rais. Rais mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa mke mmoja, mtu ambaye waumini wa Parokia ya Mtakatifu Petro, Oysterbay, walizoea kumwona kanisani asubuhi na mapema, siku za kazi, kabla hajaenda ofisini. Mafundisho ya Kanisa lake kuhusu ndoa aliyajua vizuri.

Alitia saini.

Leo Julius Kambarage Nyerere anaitwa Mtumishi wa Mungu. Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wake mwaka 2005, miaka sita tu baada ya kifo chake, na kila tarehe 1 Juni mahujaji hukusanyika Namugongo, Uganda, kuomba atangazwe Mwenye Heri. Mahali penyewe pana uzito wake. Hapo ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wafiadini wale walikufa kwa kumkatalia mtawala. Sasa, palepale, watu wanapiga magoti kumwombea mtawala.

Hapo ndipo penye fundo. Kanisa haliulizi kama marehemu alipendwa, wala kama alijenga taifa. Linauliza kama aliziishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa: imani, matumaini na mapendo, kisha zile nne za zamani, yaani busara, haki, nguvu na kiasi. Mtawa akipimwa kwa fadhila ya haki, wa kuulizwa ni watawa wenzake, mpishi, pengine na jirani aliyepakana naye shamba. Rais akipimwa kwa haki, ni lazima liulizwe taifa zima, na sehemu ya taifa hilo iko makaburini. Zamani Roma ilikuwa na ofisa maalumu wa kutafuta kasoro za mtu anayependekezwa. Watu walimpachika jina la wakili wa shetani. Mabadiliko ya mwaka 1983 yalimpunguzia makali. Kwa faili la Musoma huenda angefaa kurudishwa kazini, na si kwa nia mbaya.

Mambo ya nyumbani ndiyo mepesi kuyaeleza, ingawa hayakuwa mepesi kuyaishi. Baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22. Mgaya wa Nyang'ombe, mama yake Kambarage, alikuwa wa tano. Mtoto aliyezaliwa Butiama Aprili 1922 alikulia katika boma ambako wingi wa wake ulikuwa heshima na siasa kwa pamoja, maana kila ndoa ilifunga udugu na ukoo mwingine. Alipobatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21 aliyekuwa Makerere, hakuongeza jina tu. Alijifungia mlango ambao kwa mtoto wa chifu ulikuwa wazi tangu azaliwe. Kulikuwa pia na binti ambaye baba yake alikwisha kumposea tangu utotoni, kama ilivyokuwa desturi. Posa hiyo ilivunjwa. Januari 1953, baada ya kurudi kutoka Edinburgh na shahada yake, alifunga ndoa na Maria Gabriel Magige, mwalimu.

Miaka miwili baadaye mapadri waliokuwa wakiendesha Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, walimtaka achague: chaki au siasa. Alikuwa ametoka New York, alikokwenda Machi 1955 kuisemea Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Akachagua siasa. Wasimulizi wengi husimama hapo, wakapiga makofi kwa mwanamume aliyeacha mshahara kwa ajili ya nchi. Hawaulizi usiku ule watoto walikula nini. Kwa muda alirudi kwao Uzanaki, akapata riziki kwa kumfundisha Kizanaki padri Mmarekani wa shirika la Maryknoll. Dar es Salaam, Mama Maria alikuwa na duka dogo la mafuta ya taa. Anayetaka kujua maana ya kusema Mwalimu alikuwa mtu wa familia aanzie kwenye duka lile, kwenye chupa na kibaba. TANU, chama cha kudai uhuru, ilikuwa na magari ya kuazima, ilikuwa na wazee wa Kariakoo na Gerezani, ilikuwa na Bibi Titi Mohamed wa kuwaita wanawake. Na kiongozi wake alikuwa na mke aliyepima mafuta ya taa.

Mchakato wa Musoma unamtaja mtu mmoja. Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 2001 Papa Yohane Paulo II aliwatangaza Wenye Heri, kwa siku moja na kwa pamoja, Luigi na Maria Beltrame Quattrocchi wa Roma, mume akiwa mwanasheria wa serikali ya Italia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mke na mume kupewa heshima hiyo wakiwa jozi. Ukisoma maisha ya Nyerere kwa makini unaona mahali pengi ambapo ushujaa unaosifiwa kwake uligharimiwa na mtu mwingine.

Hadharani, Mkatoliki huyu alichukua njia ambayo iliwasumbua Wakatoliki wenzake. Chama chake kilibebwa na Waislamu wa Dar es Salaam waliompokea, wakamlaza na kumlisha. Alijua kuwa siku dini ikiingia katika hesabu za uongozi, chama kitapasuka. Mwaka 1958 Sheikh Suleiman Takadir, mzee aliyekuwa karibu naye, alifukuzwa TANU kwa sababu alianza kuuliza Waislamu watapata nini baada ya uhuru. Baada ya uhuru msimamo ulikuwa huohuo: serikali haina dini, watu ndio wenye dini. Mwaka 1969 sheria mpya ya elimu ikazitwaa shule za mashirika ya dini ziwe za umma, na nyingi zilikuwa za Wakatoliki. Pugu yenyewe, alikoshika chaki, ikawa mali ya serikali. Wapo mapadri waliouona huo kuwa utovu wa shukrani. Lakini mtoto wa Kiislamu wa Lindi au Kigoma hakuhitaji tena kupita chini ya msalaba ili ajue hesabu, na Rais Mkatoliki ndiye aliyeamua hivyo.

Oktoba 1970 alialikwa na masista wa Maryknoll kuzungumza New York. Aliwaambia, kwa lugha isiyo na mafumbo, kwamba Kanisa lisipojiunga na maskini katika kuupinga mfumo unaowafanya maskini, litaonekana kuwa mwenza wa dhuluma, na watu wataliacha. Kwake ujamaa haukuwa dini, wala dini haikuwa tawi la chama. Ila vyote viwili viliulizwa swali moja: mtu mnamfanyaje? Walikuwapo waliolisikia vizuri. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa na kulima pamoja na wanakijiji, akiamini kuwa Utatu Mtakatifu hauelezwi ubaoni bali huonyeshwa kwa kushirikiana. Maaskofu wengi zaidi waliupokea ujamaa kwa mikono miwili huku jicho moja likiangalia Moscow.

Kwa fadhila ya kiasi, faili halina tabu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Rais aliwapokea Ikulu, akawasikiliza, kisha akapandwa na hasira. Akasema mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, wa kwake pia, na papo hapo akaukata kwa asilimia 20. Halafu akawafukuza wanafunzi zaidi ya 300. Kisa hiki kina Nyerere wote wawili ndani yake: mtu anayeanza na mfuko wake mwenyewe, na mtu ambaye ukimpinga unakosa masomo. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, hisa za makampuni na mishahara miwili. Alipong'atuka mwaka 1985 hakuwa tajiri. Hata neno lenyewe, kung'atuka, alilitoa kwa Wazanaki na kuliingiza katika Kiswahili, kwa kuwa siasa za Afrika wakati ule hazikuwa na hitaji kubwa la neno la namna hiyo.

Haki ndiyo inayotoa jasho.

Mwaka 1968 aliandika kwamba watu hawaendelezwi kama mifugo, hujiendeleza wenyewe, na kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa kuingia kijiji cha ujamaa. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 iwe imetekelezwa. Mamilioni walihamishwa. Kwingine walikwenda kwa hiari au kwa kunung'unika tu; kwingine walipakiwa kwenye malori, vyakula vikiachwa shambani, na nyumba zikachomwa nyuma yao ili wasirudi. Hakuna anayesema Mwalimu alishika kiberiti. Lakini wakuu wa mikoa walioshindana kumaliza kazi mapema walijua wanamfurahisha nani.

Kulikuwa na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani. Aliitumia. Mwishoni mwa 1968 Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku na baraza jipya la Waislamu, BAKWATA, likachukua nafasi yake, jambo ambalo familia nyingi za Kiislamu hazijalisahau. Ndiyo maana habari za Namugongo hupokewa kwa kicheko chembamba katika baraza fulani za Dar es Salaam na Tanga. Kwao, serikali isiyo na dini ilikuwa na mkono mrefu kwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Dai hilo lina majibu yake na majibu yana majibu yake. Linalotosha hapa ni kuwa wenye dai hilo pia ni mashahidi wa fadhila ya haki, hata kama hawasali rozari.

Na kuna jambo la 1969. Abdulla Kassim Hanga alikuwa Makamu wa Rais wa Zanzibar mara baada ya Mapinduzi ya 1964, kisha waziri katika Serikali ya Muungano. Othman Shariff alikuwa balozi nchini Marekani. Wote wawili walikuwa Tanzania Bara, chini ya mamlaka ya Nyerere, wakati serikali ya Abeid Karume ilipowataka. Walipelekwa Zanzibar. Waliuawa.

Mtu anaweza kuutetea uamuzi huo kisiasa. Muungano ulikuwa na umri wa miaka mitano, Karume alikuwa mgumu, na kukataa kungeweza kuvunja nchi. Mwanahistoria anaruhusiwa kuishia hapo. Mtu anayepima utakatifu haruhusiwi, kwa kuwa Mkatoliki yule alikuwa amefundishwa tangu Nyegina kwamba uovu hautendwi ili wema upatikane. Aprili 1972 Karume alipouawa, Zanzibar iliwataka tena watu waliokuwa Bara, akiwemo Abdulrahman Babu. Safari hii Nyerere alikataa kuwatoa, nao wakahukumiwa Zanzibar bila kuwapo. Je, aliikumbuka 1969? Matendo yanaelekea kusema hivyo. Ila Babu huyohuyo alikaa kizuizini Bara mpaka 1978 bila mahakama ya Bara kumtia hatiani. Dhamiri ilikuwa imeamka, lakini haikutoka kitandani.

Watetezi wa mchakato hupenda kutaja kwamba watakatifu wa siasa hawakuwahi kuwa wasafi kama theluji ya Kibo. Wana hoja. Thomas More, Mwingereza aliyekatwa kichwa mwaka 1535 kwa kukataa kumkubali Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa, alikuwa baba mwenye mapenzi na hakimu asiyepokea rushwa. Alipokuwa Mkuu wa Sheria wa ufalme, watu walioitwa wazushi walichomwa moto, naye aliunga mkono. Kanisa lilimtangaza Mtakatifu mwaka 1935, na mwaka 2000 akafanywa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa. Robert Schuman wa Ufaransa, mmoja wa waasisi wa umoja wa Ulaya, alitambuliwa fadhila zake za kishujaa mwaka 2021. Huyo hakuwa na mke wala jela za kisiasa, na njia yake ilikuwa nyepesi kidogo.

Mfano wa More hausaidii kwa namna wanavyodhani. Yeye alifikia mahali ambapo ofisi na dhamiri hazikuweza kukaa chumba kimoja, akaiacha ofisi, akapoteza shingo. Nyerere naye aliwahi kujiuzulu, Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, lakini ili akijenge chama. Njia yake ilikuwa nyingine: kutenganisha. Asubuhi Misa, mchana saini. Katika Sheria ya Ndoa utengano huo ulikuwa sahihi, hata wa kupendeza. Mkatoliki hana ruhusa ya kuwaongoza Waislamu na Wazanaki kwa katekisimu ya Roma, na kulijua hilo katika Afrika ya 1971 kulihitaji unyenyekevu ambao wamisionari wengi hawakuwa nao. Mtoto wa mke wa tano hakutaka sheria imwambie mwanamke kama mama yake kwamba hana ndoa.

Ila kutenganisha Kanisa na serikali ni jambo moja. Kutenganisha mtu na mtu yuleyule ni jambo jingine. Kanisa linaweza kukaa nje ya Ikulu. Dhamiri inaingia na mwenyewe, imevaa viatu vyake. Na yapo mambo ambayo aliyafanya kwa sababu iliingia. Tarehe 13 Aprili 1968, siku aliyotimiza miaka 46, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Haikuwa na faida yoyote ndani yake. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikasirika, Nigeria ilikasirika. Wasengenyaji walisema ni Ukatoliki, kwa kuwa Waigbo wengi walikuwa Wakatoliki. Yeye alisema serikali ambayo watu wake hawana usalama kwayo haiwezi kudai utii wao. Hoja hiyohiyo, ukiisimamisha mlangoni pa mtu aliyechomewa nyumba mwaka 1974, inapata sauti nyingine kabisa.

Kwa upande wake kuna jambo lisilo la kawaida kwa watawala: alikuwa akikiri. Mwaka 1984, akiwa bado madarakani, alisema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya yapo mambo asingeyarudia, akataja kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Ni makosa ya utawala, na alikiri kama mwalimu anayesahihisha daftari lake mwenyewe. Kukiri huko kunahesabika. Kwa Wakatoliki, hata hivyo, maungamo kamili yana sehemu ya malipizi: aliyeibiwa arudishiwe, aliyechafuliwa jina asafishwe. Bibi Titi, aliyezunguka nchi naye miaka ya hamsini, alitiwa hatiani kwa uhaini na kufungwa, akaachiwa mwaka 1972. Leo Dar es Salaam ina barabara yenye jina lake. Pengine hiyo nayo ni namna ya malipizi, ya lami.

Nyumbani kwake uhuru ulikuwa na nafasi kubwa kuliko ilivyokuwa ndani ya chama kimoja. Mwaka 1995 Mwalimu alizunguka nchi akimpigia debe Benjamin Mkapa wa CCM, huku mwanawe Makongoro akigombea ubunge Arusha kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, chama cha Augustino Mrema. Makongoro akashinda. Ni nyumba chache za wakubwa barani ambamo jambo hilo lingepita bila mtoto kupoteza urithi.

Mchakato wa kumtangaza Mwenye Heri hula mashahidi. Mtu aliyekuwa na miaka 30 siku lori lilipofika kijijini kwake amepita 80 sasa, kama yupo. Watakaoeleza Misa za asubuhi, bao chini ya mti Butiama, mfungo na uchangamfu wake ni wengi na wana hamu ya kusema. Wale wengine inabidi wafuatwe, Dodoma, Kigoma, Unguja, na huenda wakafunga mlango.

Miaka yake ya mwisho, kati ya usuluhishi wa Burundi na shamba, alikuwa akifanya kazi ya kalamu ambayo haikuwa ya serikali. Alizichukua Injili zote nne na Matendo ya Mitume, akazigeuza kuwa tenzi za Kiswahili, kwa vina na mizani, maelfu ya beti. Zilichapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Kazi ya namna hiyo haimruhusu mtunzi kuruka aya. Ilibidi afike kwenye sura ya 27 ya Mathayo, kwa liwali Mrumi ambaye anajua mshitakiwa hana hatia, anahofia ghasia, anaagiza maji, ananawa, na kumtoa. Ilibidi atafute vina vya mahali hapo. Kisha akaifikia habari ileile kwa Marko, na kwa Luka, na kwa Yohane, akaiandika mara nne.